PhD yangu iko gredi ya nne

Watu wakisikia nasomea PhD swali la kwanza ni ya nini, na nikiwaambia elimu ya Masomo ya Jamii naona uso unabadilika, maana kwa wengi wetu tuliopitia 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia huu wa sasa, hilo ni lile GHC (jografia, historia na uraia) la kukariri mito na milima na nani alisaini mkataba gani, sasa la kufanyia udaktari ni lipi hapo. Mama mdogo aliniuliza vizuri zaidi. "Mwanangu, ukimaliza utawafundisha nini hao watoto ambacho huwafundishi sahii?" Supavaiza wangu huuliza hilo hilo kwa maneno marefu, ati mchango wako kwenye taaluma ni upi. La mama mdogo ndilo linaninyima usingizi.

Basi leo acha niandike kwa lugha ya nyumbani.

Kwenye CBC, mtaala wa umilisi unaotumika Kenya sasa, gredi ya nne ndio mwaka wa kaunti, gredi ya tano wanaingia nchi nzima na ya sita Afrika Mashariki. Fikra yenyewe ni ya zamani, Mmarekani Paul Hanna ndiye aliyeieneza sana, kwamba mtoto aanze na kilicho karibu naye halafu duara lipanuke, nyumbani, mtaa, wilaya, taifa, dunia. Nzuri. Lakini kitabu kinachapishwa kitumike kaunti zote 47, kwa hivyo habari za Mombasa, kaunti yetu, mwalimu azijaze kutoka kichwani mwake, na ni huko kujaza ndiko ninakokufuata mimi, kwa sababu naamini walimu wetu wanajua mambo makubwa ambayo hayajaandikwa popote na hakuna anayewauliza.

Kuna darasa moja Likoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa, nilikaa nyuma kabisa na daftari langu, somo ni shughuli za kiuchumi. Mwalimu akasoma kidogo, kisha akakiweka kitabu mezani akauliza, nani kwao kuna mtu anafanya kazi bandarini ama feri? Mikono ikajaa. Mtoto wa kike akaeleza vile babake anavyofunga makontena, na kwamba kuna siku anaenda getini na kibarua hakuna anarudi. Halafu kijana mmoja mdogo wa umbo akasema nyanya yake anauza viazi karai pale karibu na feri, na feri ikichelewa ndio anauza sana, watu wamejaa wana njaa, ila siku ya mvua hata ichelewe vipi hauzi. Mtoto wa gredi ya nne huyo! Usafiri, soko, wateja na hali ya hewa, vyote ndani ya karai la nyanya yake. Mwalimu alifurahi uso mzima, akamuuliza maswali mawili matatu, halafu akaangalia saa akasema haya turudi kwa kitabu, hiyo haiji kwa mtihani.

Sentensi hiyo nimeisikiliza kwenye rekodi mara nyingi sana. Simlaumu hata kidogo, anajua mbele kuna KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita, na huko Masomo ya Jamii yamewekwa karatasi moja na Sanaa, nafasi ni finyu. Lakini pale ndipo utafiti wangu ulipo, pale kitabu kinapowekwa chini na pale kinapookotwa tena.

Na kitu kilichonigusa kuliko vyote nilipokuwa nasoma historia ya somo hili: mwaka 1968 walimu na wataalamu kutoka nchi 11 za Afrika walikutana hapa hapa Mombasa, kujadili vipi mtoto wa Kiafrika afundishwe kuhusu jamii yake badala ya kuendelea na jografia na historia za mkoloni, na kutokana na mkutano huo ikaundwa programu ya bara zima iliyokuwa na makao Nairobi. Hata vitabu vya Nigeria vinautaja. Sisi walimu wa Mombasa wangapi tunajua? Mimi nimefundisha hili somo miaka na sikuwahi kuambiwa chuoni.

Mengine ya safari hii ni ya kawaida, kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, barua kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu, karo natoa mfukoni, usiku nasikiliza mahojiano nikiyaandika neno kwa neno huku tuktuk zinapiga honi ndani ya rekodi. Nachoka, ndio. Ila sijawahi kujiuliza kama inafaa.

Supavaiza anataka sura ya nne ya tasnifu yangu niipange kwa mada za nadharia. Nimemuomba niipange kwa zile nyakati kitabu kilipowekwa chini, na baada ya kubishana sana amekubali nijaribu. Muhula ukifunguliwa narudi Likoni, mwalimu yule amenipa kipindi cha historia ya kaunti, tutaingia ukanda wa maili kumi wa pwani, ule uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza wakausimamia tangu 1895 hadi makubaliano ya 1963 yaliyoufanya sehemu ya Kenya, jambo ambalo wazee wetu bado wanalijadili barazani kila jioni. Tumealika wazee wa mtaa waje darasani. Maswali watatunga watoto, mimi nitakaa nyuma nirekodi.