Stesheni inayoishia kwenye mparachichi

Jumapili usiku, Isanga, Mbeya. Baridi ya Julai imekaza, naandika nimevaa koti ndani ya nyumba na hiki ni kikombe cha tatu cha chai.

Mtambo wangu wa kurusha sauti kwenda kwenye redio ya baba umekamilika. Nauita mtambo kwa heshima tu, maana wote unatosha kwenye kopo la maziwa ya unga. Nauhesabu umekamilika kwa sababu tangu juzi baba ameacha kunipa ushauri.

Chanzo ni redio yake, National ya zamani ya AM tu, isiyo na FM. Inakaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichofuma marehemu mama. Kila jioni, ikikaribia saa mbili, baba anaondoa kitambaa, anaiwasha, anapitisha sindano toka mwanzo hadi mwisho, anasikiliza ule mkwaruzo wa redio tupu, kama mchanga unaomwagwa, anazima, anafunika. Habari anazipata kwenye simu kama sisi wengine. Lakini redio lazima aipitie, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa wa jirani.

Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Mwezi wa tatu, jioni moja, akaniita. "Njoo usikie." Nikasikia mikwaruzo: krrr, kimya, krrr. "Mvua ipo Uporoto," akasema. Nje nyota zilikuwa zinaonekana. Saa moja baadaye tulikuwa tunakimbizana kuingiza mahindi yaliyoanikwa. Radi ikipiga inatoa mawimbi ya redio, na AM inayapokea kama yalivyo, kwa sababu AM inasikiliza ukubwa wa wimbi, na radi ni ukubwa mtupu. FM inasikiliza kitu kingine, ndiyo maana haisumbuki sana. Kumbe mzee miaka yote hiyo alikuwa na mtabiri wa hali ya hewa juu ya kabati. Usiku ule nikawaza: hii redio si mbovu, ila hakuna anayeongea nayo.

Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi mmoja nikanunua redio iliyokufa. Akanitazama. "Kaka, unanunua maiti ya nini?" Nilitaka vitu vitatu ndani yake: ile fimbo nyeusi ya feraiti yenye koili, kondensa ya kuzungusha, na transfoma ndogo ya kutolea sauti.

Jaribio la kwanza lilikuwa la transista moja. Kwenye karatasi lilipendeza: koili ya mikrohenri 200 na kondensa ya pikofaradi 127 vinakupa kilohezi 1,000, yaani mawimbi milioni moja kwa sekunde, karibu na katikati ya bendi ya AM. Kwenye meza ilikuwa vita. Nikisogeza mkono, masafa yanahama. Nikiinuka kwenye kiti, yanahama. Jioni naiacha imekaa vizuri, asubuhi baridi imeingia kwenye koili na transista, stesheni imehamia kwingine kama mpangaji aliyekimbia kodi. Wiki tatu nilikuwa namfukuza. Nilijifunza mengi, sikatai, ila kuna usiku nilitaka kuitupa bodi nzima kwenye shimo la taka.

Dawa yake ni kristali. Niliagiza Dar es Salaam kibati kidogo cha miguu minne chenye kristali na saketi yake humo humo ndani, kikaja kwa basi kwenye bahasha ya kaki. Kibati hiki ukikipa umeme kinapiga mara 1,000,000 kwa sekunde, kuwe na baridi, kusiwe na baridi. Baada ya hapo kazi iliyobaki inachekesha kwa udogo. Umeme wa betri unapita kwenye transfoma kabla ya kuingia kwenye kibati, na simu inachomekwa upande wa pili wa transfoma. Sauti ya simu inausukuma na kuuvuta umeme ule, kwa hiyo wimbi linapanda na kushuka kimo kwa kufuata sauti. AM ni hiyo tu. Watu walioanza miaka zaidi ya 100 iliyopita hawakuwa na vibati vya bahasha, lakini wazo lao ndilo hili.

Transfoma niliiunga kinyumenyume, bila shaka. Sauti ikatoka kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Nikaigeuza, upande wa waya nene ukaenda kwenye simu na wa waya nyembamba ukaenda kwenye betri, pipa likafunguka. Kosa la pili lilikuwa tamaa: niliweka simu sauti ya mwisho, mwimbaji akawa anapasuka kila akipanda. Sauti ikizidi, wimbi linabanwa mpaka sifuri na kipande cha neno kinakatika. Punguza simu, mwimbaji anapona.

Betri ni tatu za penseli, volti 4.5. Mita inasoma miliampea 14, yaani miliwati 63. Wimbi la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300, na antena ya maana ingetaka robo yake, mita 75. Waya wangu umepita ukingoni mwa rafu, mita 2. Kwa wimbi la namna hiyo, mita 2 ni ukucha.

Rafiki yangu mmoja alipoona akawaka: ongeza transista ya nguvu, panda mparachichi, tupa waya mpaka kwenye paa la jirani, mtaa mzima utusikie! Sitasema sikushawishika. Kuna usiku nilichora mpaka saketi yake. Lakini kurusha matangazo bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kosa. Marekani wana kanuni inayomwachia mtu miliwati 100 na antena ya mita 3 kwenye bendi hii, ila mimi siishi Marekani. Isitoshe kibati changu hakitoi wimbi la mviringo, kinatoa la pembe, na wimbi la pembe halitembei peke yake: linabeba wenzake, kilohezi 3,000, 5,000 na kuendelea. Ukiukuza mtambo huu bila kuuchuja unawakuzia na hao, wanakwenda kugonga kwenye masafa ya watu. Mchoro niliuchana. Nilichokuwa nataka ni kufika kabatini.

Alhamisi nikamwambia baba awashe kama kawaida yake. Sindano ikapita, mchanga, mchanga, halafu katikati ikatoka sauti yangu niliyoirekodi kwenye simu: "Hii ni taarifa ya habari kutoka Isanga. Maji yamekatika tangu asubuhi. Shangazi anatarajiwa kuwasili kesho kutoka Chunya. Bei ya gunia la mahindi ni ile ile iliyowaudhi jana." Mzee hakushtuka wala hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa bado kwenye kitufe. "Msomaji anakimbia," akasema. "Na mbona hakuna ngoma kabla ya habari?"

Ijumaa nikatafuta ngoma.

Usiku huo ikaanza filimbi, nyembamba, nyuma ya maneno. Mchana haikuwepo. Nikahangaika na lehemu mpaka saa sita, kumbe mtambo hauna kosa. Huku kwetu stesheni za AM zinapangwa kwa hatua za kilohezi 9, na hatua ya jirani yangu ni 999. Jua likizama, tabaka la angani linaloyameza mawimbi haya mchana linatoweka, na mawimbi ya mbali yanaruka yanafika. Kuna mtu, sijui nchi gani, anarusha kwenye 999. Mimi nipo 1,000. Tofauti yetu ni kilohezi moja, na hiyo ndiyo filimbi. Nilipomweleza baba akafurahi kuliko alivyoifurahia taarifa ya habari. Akazima mtambo wangu, akasogeza sikio, akakaa anamtafuta yule mtu kwenye mchanga.

Leo mchana alibeba redio begani, ikiwa inaimba, akatoka nayo nje taratibu kuelekea bustanini. Nilikuwa dirishani. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti. Kwenye ya 14 akasimama, akarudi moja, akaenda tena moja.

"Inaishia kwenye mparachichi," akaniambia aliporudi.

"Naweza kuongeza waya kidogo, baba."

"Uongeze wa nini?"

Jioni nilipotoka kuanua nguo nikakuta kigoda chake, ambacho siku zote kinakaa ng'ambo ya ule mti penye jua, kimehamishiwa upande huu.