Siku Moja Maishani Mwangu: Meza Yangu na Malori

Saa 11 alfajiri huwa nimekwisha fika kwenye kona yangu, kwani anayechelewa hukuta pamejaa. Meza ninayopangia soksi na mikanda ina upana wa mita 1, na kwa kuwa njia ya waenda kwa miguu haitutoshi wachuuzi wote, miguu yake miwili ya mbele husimama juu ya lami. Silifichi hilo.

Saa 1 asubuhi lori la kwanza liliingia. Lori kubwa lina upana wa karibu mita 2.5, nasi wa pande zote mbili tulikuwa tumeliachia nafasi ndogo mno. Likapiga honi, tukavuta meza nyuma, lilipopita, tukazirudisha. Hivyo ndivyo asubuhi nzima inavyokwenda.

Saa 4 likaja lenye tela. Mgeni wa mtaa huu hudhani kwamba cha kuogopwa ni kichwa cha lori, kumbe kichwa hufuata usukani na dereva aweza kukikwepesha. Sisi tunaogopa nyuma, kwa sababu lori lenye tela linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayapiti yalikopita ya mbele, bali hukatiza kwa ndani, na kadiri tela lilivyo refu ndivyo yanavyozidi kuegemea upande wetu. Dereva mzoefu huanza kwa kutanua upande wa pili, lakini leo huko kulikuwa na mikokoteni na pikipiki zilizoegeshwa. Gurudumu likapanda ukingo, likavunja mguu wa meza ya jirani yangu, mama anayeuza vyombo vya plastiki. Tulilipiga tela makofi hadi likasimama.

“Samahani, mama, sikukuona,” dereva alisema aliposhuka.

“Ungenionaje, baba, nawe umekaa huko juu?”

Alisema kweli, maana ubavuni mwa lori, na hata mbele kabisa ya kichwa chake, kuna mahali ambapo mtu mzima husimama asionekane. Hakuna aliyemwita askari. Dereva alikuwa ameingia katika saa ambazo malori yamekatazwa, na meza za mama zilikuwa barabarani, kwa hiyo walipatana wenyewe kwa fedha ambazo hazikufikia thamani ya vyombo vilivyopasuka.

Saa 7 mchana nilikwenda duka la jumla kuongeza mzigo, nikauziwa soksi za katoni zilizokuwa zimeshushwa punde kutoka kwenye lori lile lile. Lilikuwa limeziba barabara nzima, kwa kuwa duka halina uwanja wa kupakulia. Naona ingefaa mizigo ishushwe usiku, ila mwenye duka atalazimika kuwalipa wapagazi wa usiku, na wenye maduka hawalipendi neno hilo.

Kuanzia saa 10 jioni wateja ni wengi, na hapo ndipo ninapoingiwa na hofu, kwani mteja huinama kuchagua soksi huku mgongo wake umeelekea magari.

Saa 2 usiku nilikuwa nikifunga mizigo wakati mama alipoleta meza yake, mguu umeungwa kwa ubao mpana kuliko ule wa zamani. Aliniomba kesho nimwachie shibiri moja ili ienee. Nilikubali, ingawa upande pekee ninaoweza kusogea ni wa barabarani.