Flea za paipu za breki na mafuta: chungulia tundu kwanza, kifaa baadaye

Swali linalokuja sana kutoka kwa watu wanaobadilisha paipu za breki wenyewe ni "nipige flea gani?", na wengi wanauliza wakiwa wameshanunua kifaa cha kupigia, yaani wanachotaka ni kuambiwa kwamba kifaa chao kinafaa. Haiendi hivyo aisee. Flea, ule mdomo unaopanuliwa kwenye ncha ya paipu, haichaguliwi na kifaa ulichonacho wala na paipu yenyewe, inachaguliwa na tundu inakoenda kukaa. Masta silinda (inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali), kalipa (inayobana diski), silinda ya tairi la nyuma, kila moja imechongwa kwa ndani na mdomo wako lazima ulale vizuri kwenye umbo hilo, basi.

Kwa hiyo fungua nati, pangusa mafuta ya breki (usiyaache yadondokee bodi, yanakula rangi vibaya) halafu mulika tochi ndani ya tundu. Ukiona katikati kuna kakoni kamesimama kanakutazama, hapo panataka dabo flea ya digrii 45, ile ambayo chuma kinakunjwa kurudi ndani na mdomo unakuwa kama tarumbeta ndogo. Ukiona hakuna koni bali kuna shimo linalozama kwenda chini, hapo ni bablo flea, mdomo wake umevimba kwa nje na ndo unaojikandamiza kwenye shimo. Nati nazo zinasema kitu, ya bablo huwa ina ncha bapa na mara nyingi mwanzo wake hauna uzi, ya dabo ncha yake imechongwa kwa mteremko kufuata mgongo wa mdomo. Ukichanganya nati na mdomo visivyoendana utakaza mpaka mkono uume na bado itavuja.

Watu wanapenda njia ya mkato: magari ya Japani ni dabo, ya Ulaya ni bablo, ya zamani ya Marekani ni dabo kwa vipimo vya inchi. Kwa sehemu kubwa ni kweli na inasaidia kukisia, ila gari iliyopita mikononi mwa mafundi wengi inaweza kuwa na zote mbili kwenye paipu moja, ncha hii hivi na ncha ile vile, so mi nasema chungulia kila tundu, dakika mbili tu.

Sasa hapa kwenye uzi ndo pana hatari ambayo haipigiwi kelele ya kutosha. Paipu nyingi za breki za gari ndogo ni inchi 3/16, ambayo ni kama milimita 4.75, na nati zake zinakuja za aina mbili zinazofanana sana kwa macho: M10 (unene wa milimita 10) yenye hatua, yaani umbali wa uzi mmoja hadi mwingine, ya milimita 1, na ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi. Hiyo ya inchi ni nyembamba kidogo, kama milimita 9.5, kwa hiyo inaingia kwenye tundu la M10 na inazunguka, unadhani imekubali, kumbe inashikilia uzi juu juu. Ukikanyaga breki kwa nguvu presha ndani inapita psi (pauni kwa inchi ya mraba) 1,000 bila shida, na hapo uzi wa juu juu ndo unapoachia. Nati ikilegalega ukiitikisa kabla ya kukaza, itoe, usijifariji.

Presha hiyo hiyo ndo sababu singo flea ya digrii 45 haina kazi kwenye breki. Mdomo wa tabaka moja unapasuka ukingoni, ule wa dabo una chuma mara mbili pale pale unapobanwa. Na zile viungio za kubana paipu kwa pete, za kompresheni, usiziweke kwenye breki hata kama muuzaji anakuapia.

Kuna familia ya tatu, AN, ya digrii 37, iliyotoka kwenye ndege za jeshi la Marekani na sasa imejaa kwenye magari ya mashindano. Hii ni mdomo wa tabaka moja lakini inafanya kazi kwa sababu kuna kola nyuma yake inayobeba mzigo pamoja na nati. Namba zake ni sehemu za 16 za inchi, AN-3 ni paipu ya 3/16, AN-6 ni ya 3/8. Mtego ni kwamba 37 na 45 ukiziangalia hivi hivi huzitofautishi, na saizi kadhaa zina uzi mmoja, kwa hiyo zinafungana kabisa halafu zinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Ukiwa na paipu ya stenlesi, ambayo ni ngumu na hupasuka ukijaribu kuipiga dabo flea, AN inakuokoa. Kama huna sababu ya stenlesi, chukua ya shaba na nikeli, inapinda kwa mkono, haili kutu kirahisi, mdomo unatoka msafi. Shaba tupu hapana, mtetemo unaichosha mpaka inapasuka, na aluminiamu iishie kwenye paipu za petroli.

Kwenye paipu za petroli mambo ni mepesi kidogo. Gari ya kabureta ina psi chache tu, hosi na klampu zinatosha mradi ncha ya paipu ina kivimbe cha kuzuia hosi isichomoke. Ya injekta nyingi zinacheza psi 40 mpaka 60, hapo weka hosi iliyotengenezwa kwa presha hiyo, au AN.

Kupiga mdomo wenyewe: kata kwa kikata paipu na sio msumeno, piga tupa ncha iwe sawa, toa makapi ya ndani, VALISHA NATI KWANZA (mdomo ukishapanuka nati haipiti tena, ndo maana naandika kwa herufi kubwa), paka mafuta kidogo halafu sukuma taratibu. Mdomo uliokaa upande au wenye ufa kata uanze upya, kukaza zaidi hakuuponyi. Na tepu ya mabomba ya maji haina kazi hapa, kinachoziba ni mdomo na sio uzi.

Ukishatoa hewa kwenye breki mwambie mtu akanyage pedali kwa nguvu aishikilie, we pitisha karatasi kavu kwenye kila nati. Upande wa petroli washa swichi bila kupiga stata ili pampu ijaze presha, halafu kagua hapo hapo, petroli inakauka haraka na unaweza kudhani hakuna kitu.