Fleshi Ndani ya Bahasha ya Kaki

Juni 2019, msimu wa alizeti umepamba moto, kijana wa mauzo katika kiwanda nilichokuwa ofisa utumishi, Kizota, Dodoma, alinakili kwenye fleshi faili la bei na namba za simu za mawakala wetu wa Kongwa na Singida. Baada ya siku mbili mnunuzi mwingine akaanza kuwapigia mmoja mmoja.

Bosi alitaka polisi asubuhi ileile. "Mzee, tuanze na kikao cha nidhamu," nikamwambia. Kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinazuia kumwachisha kazi aliyekwishashtakiwa mahakamani kwa kosa hilohilo mpaka kesi iishe, na rufaa yake. Halafu kosa la kuingia kwenye mfumo isivyo halali, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, lingetusumbua kulithibitisha: nenosiri tulimpa wenyewe. Nguvu yetu ilikuwa kifungu cha siri katika mkataba wake, chenye saini yake.

Aliyetuponza ni fundi wetu wa kompyuta. Kabla ya kutengeneza nakala alichomeka fleshi ya kijana, akafungua faili, akabonyeza kuhifadhi. Tarehe ikabadilika, faili likasomeka la siku hiyo! Bahati, kompyuta ya ofisi ilikuwa imeweka kumbukumbu: fleshi ileile, saa 12:47 jioni, watu wameshaondoka. Tukazichapisha, fundi akala kiapo kueleza alivyozitoa na lile kosa lake pia. Fleshi ikatiwa kwenye bahasha ya kaki, saini zikapita juu ya mfuniko.

Kijana alipewa barua ya tuhuma na saa 48 za kujiandaa, akaja na mwenzake wa kumtetea. Bosi alitaka kuongoza kikao mwenyewe. Nilikataa, mlalamikaji hawi mwenyekiti. Alikaa meneja uzalishaji.

Siku ya 26 baada ya kuachishwa, akiwa bado ndani ya siku 30 za kufungua mgogoro, kijana alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akidai mishahara ya miezi 12, kiwango cha chini cha fidia wakati ule. Mwakilishi wake aliigeuza bahasha, akasoma kiapo mara mbili, akamwinamia kijana sikioni. Wakakubali cheti cha utumishi na mshahara wa siku alizofanya kazi.

"Yaani mwizi namlipa?" Bosi aliguna, akatia saini malipo ya siku kumi na saba.