Bledi ya msumeno: anza na tundu, si kipenyo

Mwenye msumeno wa meza wa inchi 10 uliotengenezwa Marekani, akiingia duka la nchi inayotumia milimita, ataona bledi za milimita 250 na kudhani kazi imeisha. Kipenyo si tatizo. Inchi 10 ni milimita 254, kwa hiyo bledi ya 250 inapunguza kina cha mkato kwa milimita 2 tu.

Shida iko kwenye tundu la katikati ya bledi, linaloingia kwenye shafti. Shafti ya msumeno huo kwa kawaida ni inchi 5/8, yaani milimita 15.88, ilhali bledi nyingi za 250 zina tundu la milimita 30. Ringi ya kupunguza tundu inasaidia, mradi ikae bila kucheza na isizidi unene wa bati la bledi, yaani mwili wake bila meno; ikizidi, flanji, zile sahani mbili zinazoibana bledi kwenye shafti, hazitabana sawasawa. Ringi ya milimita 16 kwenye shafti ya 15.88 inaacha nafasi ya 0.12. Inaonekana ndogo, lakini bledi ikikaa nje ya kitovu inatetemeka na mkato unakuwa na mikwaruzo. Tafuta ringi ya 15.88 hasa. Na tafadhali, usipanue tundu dogo kwa drili ya mkono. Mpe fundi mwenye mashine.

Kisha soma unene. Kisu kinachosimama nyuma ya bledi lazima kiwe kinene kuliko bati lakini chembamba kuliko upana wa mkato unaoachwa na meno: kwa bati la milimita 2.2 na mkato wa 3.2, kisu cha 2.5 kinafaa. Kikizidi upana huo, mbao itakwama.

Kasi ya juu ya mzunguko iliyoandikwa kwenye bledi isiwe chini ya ile ya mashine.