Sukari ya Kwaresima

Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, katibu wa jumuiya yetu aliandika kwenye kundi la WhatsApp: "Wapendwa, kila mmoja aseme anaacha nini Kwaresima hii, tuombeane." Majibu yakamiminika. Mzee wa nyumba ya kona anaacha sigara, mwaka wa nne mfululizo. Mama mwenye genge anaacha umbea, tukacheka sote, na yeye akacheka. Mimi nikaandika "sukari", nikalitazama lile neno, nikalifuta. Daktari alishaninyang'anya sukari tangu Novemba. Sasa nimtolee Mungu kitu ambacho kimekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine?

Kwenye simu lilifutika. Kichwani halikufutika. Usiku ule nililala Dar es Salaam, lakini nilikuwa Umatengo, kwetu milimani Mbinga, mwaka 1993, nina miaka kumi na moja, na Bibi yu hai.



Mwaka ule Majivu yaliangukia tarehe 24 Februari, mvua bado ikinyesha kama imetumwa. Kwetu Kwaresima ni msimu wa ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba kwenye mteremko, wanawake wanafuata na majembe, wanazifukia kwa udongo, katikati kunabaki shimo la kukamata maji, na kwenye kingo wanapanda maharage. Ni kazi ya kuinama kutwa kwenye mlima ambao ukiteleza juu utaokotwa chini. Kanisa linadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na mtu aliyefika umri wa Bibi hata hizo hadaiwi. Bibi hakuwa na habari na msamaha huo. Kila Jumatano na kila Ijumaa alishika jembe bila kitu tumboni mpaka jua lishuke, na chai ya jioni aliinywa chungu.

Ile sukari isiyoliwa ilikuwa na hesabu yake. Bei yake iliingia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati la vyombo, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Dominika ya Matawi kopo lilipelekwa kanisani kwa ajili ya maskini. Nilimwuliza maskini ni nani hasa, maana mimi nilidhani ni sisi.

"Yupo," alisema. "Ukimtafuta utamwona."

Nilichukua shilingi 60. Sarafu tatu za ishirini, zile zenye kona saba, na upande wa nyuma tembo na mtoto wake. Sikununua pipi wala maandazi. Nilinunua sukari. Muuza duka aliipima kwenye kipande cha gazeti kilichosokotwa kama pembe, nikaenda nayo kwenye mibuni, nikailamba yote, kidole kinaingia kinatoka, mpaka nikaanza kusikia ladha ya wino. Mpaka leo sijui kwa nini sukari. Labda kwa sababu ilikuwa ikitajwa sana kwa kukosekana kwake.

Basi, ikafika Jumamosi ya kuamkia Matawi, siku ya kitubio cha parokia nzima. Siku hiyo wanakuja hata wale wazee ambao huonekana kanisani mara moja kwa mwaka. Amri ya Kanisa wanaijua vizuri, "ungama dhambi zako walau mara moja kila mwaka", na neno walilolishika ni "walau". Amri hiyo ina umri wake, ilitoka Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1215, na nadhani tangu wakati huo wapo wazee wa "walau".

Mapadri walikuwa watatu. Paroko wetu, mstari wake mfupi kuliko yote, kwa sababu alizijua sauti zetu mmoja mmoja, na mara mbili kwa mwezi alikula ugali kwenye nyumba zetu. Padri kijana mgeni, aliyewekewa kiti sakristia, ambako ilibidi umtazame usoni; wasichana wakubwa walimkwepa, wavulana wakubwa pia. Halafu Padri mzee, Mbenediktini, Mjerumani, kwenye lile kabati la mbao la kuungamia, la upande wa kushoto, chini ya kituo cha sita, Veronika anampangusa Yesu uso. Mstari wake ulitoka nje ya mlango hadi kwenye mvua. Sababu mnaijua kama mmekulia parokia ya aina ile. Padri mzee alikuwa hasikii vizuri. Kwetu walisema kwake dhambi huingia sikio hili na kupotea njia kabla ya kufika la pili.

Kwenye mafundisho niliwahi kumwuliza katekista, dhambi ambayo padri hakuisikia inaondolewa au inabaki? Akanitazama kwa muda. "Mungu si kiziwi," akasema. Halafu akaongeza, "Lakini wewe sema kwa sauti."

Nikapanga mstari kwa Padri mzee.

Nilikaa kwenye ule mstari karibu saa mbili. Harufu ya koti zilizolowa, ya matope, ya ubani wa Ijumaa uliobaki kwenye mapazia. Sanamu zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya zambarau, hata Mama Maria, nikashukuru, angalau yeye hataniona. Bibi alikuwa ameshaungama kwa paroko. Yeye ndiye aliyekuwa anaufanya mstari wa paroko uonekane mfupi, anaingia na kutoka kama mtu aliyekwenda kulipa kodi. Alikuwa amepiga magoti benchi la tatu kutoka kabati langu, rozari mkononi, midomo inacheza bila sauti.

Aliyenitangulia alitoka akifuta macho. Nikaingia. Giza, ubao mgumu chini ya magoti, na mbele yangu kiwambo chenye vitundu, nyuma yake pumzi nzito ya mzee. Nikafanya ishara ya msalaba, nikaomba baraka kama tulivyofundishwa, nikaanza na dhambi ndogondogo. Niligombana na binamu. Nilisinzia kwenye Njia ya Msalaba. Nilisema uongo, mara nne, namba niliyoichagua kwa sababu tatu ilionekana kama nimetunga. Huko ndani Padri aliitikia "ehe, ehe", taratibu, nikaona mambo yanakwenda.

"Na nimeiba fedha."

"Ehe?"

"Nimeiba fedha, Padri. Nikanunua sukari."

Kimya. Ubao ukalia, nikajua ameegemea kiwambo.

"Ulinunua nini, mtoto wangu?"

"Sukari."

"Nini?"

"Sukari, Padri."

"SUKARI!"

Mtu asiyesikia hajui sauti yake ni kubwa kiasi gani. Ilitoka kwenye kabati, ikapanda kwenye mabati, ikarudi. Nje pazia lilikuwa jepesi kama kanga. Mnong'ono wote wa kanisa ukakatika kwa mpigo, hata rozari zikanyamaza, na mimi nikaona kwamba nimebaki peke yangu duniani na lile neno. Haikuwa hata dhambi yenye heshima. Angesema "kuiba" watu wangeogopa kidogo. Sukari!

Lakini alikuwa hajamaliza, kwa sababu padri mwema lazima aulize. Kwenye wizi haitoshi kujua kilichochukuliwa, unatakiwa kujua nani amepungukiwa, ili arudishiwe. Nikamsikia anavuta pumzi. Nikajua swali linalokuja. Nikafunga macho.

"SUKARI YA NA..."

Hapo ndipo Bibi alipoanza kuimba.

Niwaeleze kitu kuhusu Bibi na kuimba. Bibi haimbi. Alikuwa na sauti ya mlango usiopakwa mafuta, na mwenyewe alijua; Misa nzima alifuata nyimbo kwa macho tu kwenye misale yake iliyochakaa, ile iliyochapwa Ndanda-Peramiho. Hakuwahi kuwa kwaya, na kwenye WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, yeye alipika. Mtu huyo, katikati ya kimya kile, alianzisha wimbo wa mateso, kwa sauti ya juu kupita alivyoiweza, akaukosea mwanzo, akauanza upya. Kwa muda nilisikia sauti yake peke yake. Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akampokea, kisha wengine, kisha benchi zote za upande wa wanawake, na kanisa likajaa.

Mle kabatini Padri mzee alingoja kidogo. Naona alidhani ni utaratibu wetu. Halafu akauliza tena, na safari hii hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

"Ya Bibi yangu," nilisema. "Fedha za kopo la Kwaresima."

Nilikuwa nimeshaanza kulia, na ajabu ni kwamba hilo alilisikia mara moja. Akasema, nakumbuka, polepole, na ile "r" yake ya kooni: "Rudisha. Hata kidogo kidogo, lakini rudisha. Na Salamu Maria tatu." Nikasali ile sala ya kutubu, Mungu wangu nimetubu sana niliyokosa kwako, nikakwama kwenye "nitafanya kitubio", akaimalizia yeye, akaniondolea dhambi huku wanawake wakifika ubeti wa nne.

Nilipotoka Bibi alikuwa ameshanyamaza. Macho yake yalikuwa kwenye rozari.

Njiani hatukusema kitu. Ni mwendo wa saa nzima, kushuka na kupanda. Mahali pamoja tu aligeuka, akasema, "Pita kwenye majani, hapo panateleza."

Kopo lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, na mimi sina hata senti. Nikamwuzia binamu yangu kalamu ya bluu kwa shilingi 20. Ishirini nyingine niliipata kwa mjomba, nikimwambia ni ya daftari. Yaani nilikuwa nalipa dhambi kwa dhambi, na hiyo mpya nilikuja kuiungama mwaka uliofuata, kwa padri mwingine. Usiku, Bibi alipotoka kwenda kufunga kuku, nilipanda kwenye kigoda nikatumbukiza sarafu mbili. Zikalia kama kengele. Ya tatu sikuipata. Kopo lilikwenda Matawi likiwa na pengo la shilingi 20.

Jioni ileile, kabla sijatumbukiza, tulikunywa chai. Haikuwa siku ya kufunga, kwa hiyo sukari ilikuwapo. Kwetu mtoto alipewa kijiko kimoja, na Bibi ndiye aliyeshika kijiko. Akaweka kimoja kwenye kikombe changu. Akakoroga. Akanyamaza kidogo, akaweka cha pili. Cha kwake akakiacha kitupu.

"Kunywa ikiwa moto."

Sijui. Nimeugeuza usiku ule kila upande na bado sijui. Inawezekana alisikia neno moja tu, akaona aibu ya mtoto wa watu yeyote yule, akaifunika kwa wimbo bila kujua kwamba aliye ndani ni mimi. Lakini aliniona nikiingia. Inawezekana kijiko cha pili kilikuwa cha kuamkia sikukuu. Lakini Matawi ya mwaka uliotangulia sikupewa.

Nilipokuwa mtu mzima niliombwa kuchapa notisi za semina ya makatekista, nikakutana na kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa, ambayo nayo ni ya mwaka 1983. Kifungu cha kwanza kila mtu anakijua: padri hawezi kutoa siri ya maungamo kwa sababu yoyote ile. Kifungu cha pili sikuwahi kukisikia kikihubiriwa. Kinasema mkalimani, na mtu mwingine yeyote ambaye kwa njia yoyote amepata kujua dhambi kutokana na maungamo, naye amefungwa na siri hiyo. Mtu yeyote! Nilisimamisha kuchapa. Nikawahesabu wale wanawake wote wa upande wa kulia. Kwa kweli hakuna hata mmoja aliyewahi kunitania kuhusu sukari, na kijiji chetu kilitania watu kwa mambo madogo kuliko hilo.

Bibi hakuwahi kusoma kanuni yoyote. Alisoma misale na bei ya kahawa.

Alifariki mwaka 2009, wakati wa maharage. Baada ya mazishi tuligawana vitu vyake, ambavyo havikuwa vingi, na mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo. Kopo lilikuwa palepale, limeota kutu kwenye ukingo. Nikalitikisa. Ndani kulikuwa na mbegu za maharage, karibu nusu kopo, amezihifadhi kwa majivu zisibunguliwe. Nilipekua pochi yangu; sarafu ya ishirini sikuwa nayo, nani bado alikuwa nayo? Nikatoa noti ya elfu moja, nikaikunja ndogo, nikaichomeka chini ya mbegu kwa vidole, majivu yakanipaka mpaka kwenye kiganja.

Binamu yangu, yule wa kalamu ya bluu, akatokea mlangoni akanikuta mkono wote umo ndani ya kopo.

"Dada, unatafuta nini humo?"

"Sukari," nikamwambia.