Mlima wanauita "nyika ndogo", ukanimeza mguu mpaka gotini

Niseme kabisa mimi sio mtu wa milima. Mgonjwa wa hayo mambo ni shemeji, anaishi Abergavenny na kila akipata ofu anapotelea huko juu, na mwaka mzima amenisumbua, shem twende, shem njoo uone, mpaka mwisho wa Agosti nikachoka kutoa visingizio nikasema haya twende. Njia aliyochagua ni ya kutoka Talgarth mpaka Crickhowell, vijimji viwili vidogo tu huku Wales, lakini katikati yake kumelala milima ya Black Mountains na sisi tunapita juu yake, sio pembeni. Kilomita 20 na ushee. Kwenye ramani ilionekana kitu cha kawaida kabisa.

Talgarth tulifika na basi asubuhi. Mji wenyewe una kinu cha zamani cha maji kinachosaga unga mpaka leo, tukapita hapo tukanunua mikate, tukaanza. Saa ya kwanza mnakatiza mashamba ya watu, na hili mimi nilikuwa sijalizoea, unaingia shambani kwa mtu, unafungua geti, unalifunga, unapita katikati ya kondoo wake, na hakuna anayekuuliza we nani. Njia za umma huku zina nguvu ya kisheria hata zikipita kwenye ardhi binafsi, mwenye shamba haruhusiwi kuzifunga. Kibao kinasema "Llwybr Cyhoeddus", yaani njia ya umma. Pasipo na geti kuna vingazi vya mbao vya kupandia ukavuka uzio, na ukiwa na begi mgongoni kila kingazi ni mtihani.

Sasa shemeji ana kaugonjwa kengine, anajifunza Kiwelisi kwenye simu. Mwanzoni nilimcheka, nani anakizungumza, watu wote dukani wanaongea Kiingereza (sio kweli, kuna sehemu za Wales Kiwelisi ndo lugha ya nyumbani, ila upande huu wa mashariki utakisikia mara chache). Lakini alivyoanza kunifafanulia majina kwenye ramani nikanyamaza. Kumbe hii lugha kwa Mswahili haina ugeni sana! Sifa inakuja nyuma ya nomino kama kwetu, pen ni kichwa, mawr ni kubwa, unaanza na kichwa halafu ndo ukubwa wake. Na maneno yanabadilika mwanzoni, sio mwishoni, bach ni ndogo lakini ikifuata nomino ya kike inageuka fach. Mtu aliyekulia kwenye kidogo, mdogo, ndogo, wadogo, huyo hawezi kushangaa. Hata sauti tunazo, ile dd yao ni dh ya dhahabu, na ch ni kh ya kheri kama wanavyoitamka wazee wa pwani. Barabarani wameandika ARAF kwa herufi kubwa, maana yake polepole, nikasema hilo neno nitalibeba kama kauli mbiu ya siku.

Basi kituo cha kwanza Castell Dinas. Castell ni ngome, na dinas zamani ilimaanisha ngome pia, kwa hiyo umepanda mpaka mita 450 kwenda kuona Ngome Ngome. Kuna mahandaki ya watu wa zama za chuma, halafu Wanormani wakaja kujenga yao ndani yake, na leo imebaki mawe na majani na kondoo. Kutoka hapo mnashuka kwanza (hiyo iliniuma sana, kupanda kote kule halafu mshuke) ndo muanze mgongo wenyewe unaoitwa Y Grib. Nikamuuliza shem, grib ni nini, akasema ni crib, kitana. Na kweli ni kitana, meno matupu, unapanda jino moja unadhani umemaliza, unakuta kabonde kadogo na jino lingine refu zaidi, upepo unakupiga kutoka kushoto, na huku mteremko na huku mteremko. Waingereza wanauita mgongo wa joka ila mimi nabaki na kitana. Ukigeuka nyuma unaona ziwa la Llangorse linang'aa kule bondeni, na mwewe wekundu wanazunguka chini yako, sio juu, chini yako. Hawa ndege karne iliyopita walikuwa karibu kwisha Uingereza yote, waliosalia walikuwa wachache tu katika mabonde ya Wales, na sasa hivi wako kila mahali.

Halafu Waun Fach. Mita 811, ndo kilele kirefu kuliko vyote vya Black Mountains, na jina lake, nisikilize vizuri, ni "nyika ndogo". Waun ni nyika ya juu yenye maji maji. Shemeji alinitafsiria kabisa kabla hatujafika, mimi nikaishia kucheka hiyo "ndogo", hiyo "maji maji" ikapita sikio hili ikatokea lile. Kule juu hakuna kilele cha kusema hiki hapa, ni bapa kama meza, hetha tu, vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, mpaka macho yanapoishia. Wameweka njia ya mawe kwa sababu miguu ya watu ilishaharibu sana, na shem akaniambia kaa kwenye mawe. Nikaona poni, wale farasi wadogo, na mtoto wake, nikatoka hatua tatu tu nipate picha nzuri, na ya tatu mguu ukaenda. Haukuteleza, ulienda, kama umekanyaga uji mzito wa baridi, mpaka gotini, na kadri ninavyouvuta ndo buti inabaki chini. Shem anacheka hata kunishika mkono hawezi.

Ni mboji ile. Huko juu mvua nyingi, baridi, maji hayatoki, kwa hiyo mimea ikifa haiozi ikaisha, inarundikana juu ya mwenzake maelfu ya miaka mpaka inakuwa tope jeusi linalofyonza maji kama sponji. Ni hazina kubwa ya kaboni wanasema, na zikikauka au zikimomonyoka ile kaboni inarudi hewani, ndo maana wanahangaika kuzitunza. Sawa, nimeelewa, lakini soksi yangu ilinuka mpaka jioni.

Kuanzia hapo ni mgongo mrefu kwenda kusini na sitausimulia wote. Mynydd Llysiau ni mlima wa mboga, mboga sikuona, niliona vitunda vidogo vyeusi vya llus vinavyoota chini chini, tukala mpaka midomo ikawa ya bluu. Pen Allt-mawr ni kichwa cha mteremko mkubwa na baada ya kile kitana sikubishana na jina tena. Tulikula mikate yetu hapo nyuma ya mawe, na tunamalizia chai ukungu ukashuka, dakika tano tu nyingi, simu haina netiweki, shem namuona nusu. Akatoa dira, tukaenda araf araf, na mimi kimoyomoyo naanza kuhesabu watoto wangu. Kilichotutoa wasiwasi ni mawe. Milima hii karibu yote ni mawe ya mchanga mekundu, lakini kilele kinachofuata kinaitwa Pen Cerrig-calch, kichwa cha mawe ya chokaa, kimebaki peke yake na kofia yake ya chokaa upande huu. Tunatembea, tunatembea, mara chini ya buti wekundu ukaisha, yakaanza mawe yaliyopauka. Shem akasimama akasema tumefika. Mtu aliyeupa mlima jina hili, miaka sijui mingapi iliyopita, ametuelekeza njia kwenye ukungu.

Chini ya ukungu tukatokea Crug Hywel, kilima bapa chenye kuta za ngome ya zamani, na ndo hilo jina Waingereza walilolipinda mpaka likawa Crickhowell. Kushuka mpaka mjini ni kangaga na magoti kulia. Mjini kuna daraja la mawe juu ya mto Usk, upande mmoja lina matao 12 na upande mwingine 13, tukahesabu kweli, nikiwa na buti moja nyeusi na moja ya kahawia.

Kituoni tunasubiri basi, shem kashaikunjua ramani tena. Wiki mbili zijazo ana ofu, anataka tuzunguke lile ziwa la Llangorse, jina la kijiji cha pembeni yake, kwa Kiwelisi Llan-gors, njia tambarare kabisa anasema, hata mtoto anapita. Nikamwambia nipe hiyo simu yako. Nikaandika gors, ikanirudisha kwenye cors. Kinamasi.

Nikamrudishia simu. Shem, we nenda.